Mathe Ana Shida ya Figo na Unamnunulia Antibiotiki? Soma Hii Kwanza

Unaijua hii stori ju pengine umeifanya mwezi huu. Mathe amekohoa wiki nzima, kifua kinawaka, na kwenda hosi ni foleni ya siku mzima. Unashuka hadi duka la dawa pale stage, unaambia msee wa kaunta "nipatie kitu ya kifua, ni ya mathe." Anauliza ako na miaka ngapi, anakuhesabia amoksilini kumi na tano ndani ya bahasha ndogo ya kaki, anaandika 1x3, unalipa na M-Pesa, umeishia. Dakika mbili na imeisha hiyo.

Kuna swali halikuulizwa: figo za mathe ziko aje?

Kisheria antibiotiki hapa Kenya zinafaa kuuzwa kwa karatasi ya daktari, lakini sote tunajua venye mambo huenda mtaani. Kwa msee mwenye figo fiti, hiyo 1x3 itafanya kazi yake na itatoka mwilini bila maneno. Kwa mtu amekaa na presha ama sukari miaka kumi, dozi ileile ya dawa ileile inaweza kugeuka kitu kingine kabisa. Na hatari haiko upande mmoja. Kuna wale wanameza dawa nyingi kuliko figo zao zinaweza kutoa, na kuna wale wakishaskia neno "figo" wanakata dozi nusu wenyewe, halafu ugonjwa unawalemea. Hao wa pili huwa hatuwaongelei sana, na ndio maana nimeandika hii.

Matatu yenye mlango umekwama

Figo ni mbili, kila moja saizi ya ngumi, ziko huko nyuma chini ya mbavu. Kila moja iko na vichujio vidogo sana, karibu milioni moja. Kwa siku zinachuja karibu lita 180 za majimaji kutoka kwa damu, zinarudisha karibu zote ndani, na lita moja ama mbili ndio wewe unaenda kuachilia chooni. Kwa huo mkojo kuna taka za mwili, chumvi ya ziada, na kama uko kwa dawa, kuna dawa. Antibiotiki nyingi hutoka kwa huo mlango, tena zikiwa bado nzima.

Sasa fikiria mathree ya watu 14. Kila stage makanga anapakia watatu, na kila stage watatu wanashuka. Gari imejaa vizuri lakini hakuna mtu amekaliwa. Halafu mlango unakwama, awe anatoka mtu mmoja tu kila stage, na makanga bado anapakia watatu ju hiyo ndio hesabu aliambiwa asubuhi. Ukifika stage ya tano, watu wanapumuliana masikioni.

Ndio hufanyika kwa damu ya mtu mwenye figo zimechoka. Tembe ya asubuhi haijatoka, ya mchana imeingia, ya jioni imeingia juu ya hizo mbili.

Namba zenyewe zinashtua kiasi. Amoksilini kwa mtu mzima mwenye figo poa hupungua nusu kwa damu ndani ya saa moja, moja unusu hivi. Kwa mtu ambaye figo zimekufa kabisa, kupungua hiyo nusu kunaweza kuchukua kati ya saa 7 na 20. Jentamaisini, ile sindano wauguzi huita "genta", kawaida ni saa 2 hadi 3. Figo zikikufa, ni siku nzima na zaidi. Vankomaisini, ya wadini, kawaida ni saa 4 hadi 6. Kwa mtu hana figo kabisa ni karibu wiki moja. Dawa ileile, chupa ileile.

Kama unadhani hii ni sayansi ya juzi, hapana. Watu waliijua tangu antibiotiki zianze. Mwaka wa 1941 huko Oxford, Uingereza, polisi mmoja anaitwa Albert Alexander alikuwa kati ya watu wa kwanza kabisa kudungwa penisilini. Uso wake ulikuwa umeoza na maambukizi. Akapata nafuu ya kushangaza, lakini dawa ilikuwa kidogo sana duniani, na figo zake, zikiwa kazini kama kawaida, zilikuwa zinaitupa nje kasi. Madaktari wakawa wanakusanya mkojo wake, wanaichuja penisilini itoke, wanamdunga tena. Ikaisha tu kabla apone, na akafariki mwezi wa tatu mwaka huo. Baadaye ikatengenezwa dawa ya kufunga huo mlango wa figo makusudi, inaitwa probenesidi, ndio penisilini ikae mwilini muda mrefu. Sasa mtu ambaye figo zake hazifanyi, mlango wake umejifunga bila kuombwa.

Ikijaa, inafanya nini?

Inategemea ni dawa gani. Familia ya penisilini, amoksilini ikiwa ndani, iko na uvumilivu mkubwa. Ikizidi kidogo, mtu mzima mara nyingi atalalamika tumbo tu. Lakini penisilini ya sindano kwa dozi kubwa, figo zikiwa chini, inaweza kupanda hadi kwa ubongo na mtu ashikwe na degedege.

Kuna binamu yake anaitwa sefepimi, hutumika sana hosi kubwa kwa wagonjwa mahututi. Mwaka wa 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu hii dawa: wagonjwa walikuwa wanapata degedege ya kimya, ile mtu hatetemeki lakini ubongo unawaka ndani. Anakaa tu, amechanganyikiwa, hajibu, macho yameganda. Wengi wao walikuwa na shida ya figo na dozi haikuwa imepunguzwa. Sasa chora hiyo picha: shosh wa miaka 75 ako wadini, anaanza kuongea vitu haziingiani, familia inasema "ni uzee" ama "ugonjwa umepanda kichwani." Kumbe ni dawa imejaa. Ikisimamishwa, ama akisafishwa damu, mara nyingi akili inarudi. Lakini lazima mtu afikirie hiyo kitu kwanza.

Genta ndio ya kuogopwa zaidi, na hapa kwetu ni ya kila siku, ju ni bei nafuu na inaua vijidudu vibaya sana. Ikikaa mwilini kupita muda wake, inaumiza sehemu mbili. Ya kwanza ni figo zenyewe. Yaani mlango ukikwama, dawa inabaki, halafu hiyo dawa inakwamisha mlango zaidi. Hiyo ya figo mara nyingi hurudi polepole dawa ikiachwa. Ya pili ni masikio. Mlio kama wa nzige ndani ya sikio, kizunguzungu, kisha kutoskia. Na seli za ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena. Mtu anapona maambukizi halafu anarudi kejani akiwa haskii wajukuu.

Septrini nayo kila mtu anaijua, na kuna watu wanameza kila siku kwa miezi ama miaka. Figo zikiwa chini, Septrini inaweza kupandisha potasiamu kwa damu, na potasiamu ikipanda sana mapigo ya moyo yanaharibika. Ubaya ni kwamba baadhi ya dawa za presha zenye wazazi wetu wanatumia, kama enalapril, losartan na spironolactone, pia zinapandisha potasiamu. Hakuna mtu alikosea kwa kila dawa peke yake. Zikikutana ndani ya mtu mmoja mwenye figo nusu, hapo ndio ngori inaanza.

Na kuna kisa cha nitrofurantoini, ya UTI. Hii ni tofauti kidogo, na mimi huiona kama mfano mzuri kuliko zote. Kazi yake iko kwa mkojo. Haitafuti vijidudu kwa damu, inangoja figo ziipeleke kwa kibofu ndio iwamalize huko. Figo zikiwa zimeshuka sana, dawa haifiki kwa mkojo ya kutosha, kwa hivyo UTI haiponi, na wakati huohuo inabaki kwa damu ikichoma neva. Mama anaanza kuskia miguu inawaka na kufa ganzi. Yaani amepata madhara yote na faida hajaiona. Ndio maana madaktari huiepuka figo zikishuka chini ya kiwango fulani, na hawapunguzi tu dozi. Wanabadilisha dawa.

Si kila antibiotiki inatumia huo mlango

Hapa ndio wasee wengi wanachanganyikiwa. Wakiambiwa figo ni mbaya wanadhani antibiotiki zote ni sumu. Zii. Kuna zingine hutokea kwa ini na nyongo, zinaenda na choo kubwa, na figo zikiwa mbovu dozi inabaki karibu vilevile. Doksisaiklini ni moja. Azithromaisini, ile ya siku tatu, ni nyingine. Metronidazoli, ile ya kuhara na ya meno, huvunjwa zaidi na ini. Seftriaksoni, sindano yenye kila hosi ya Kenya iko nayo, inatoka kwa milango yote miwili, figo na nyongo, kwa hivyo mmoja ukikwama mwingine unasaidia, na kwa kawaida haihitaji kupunguzwa labda ini nayo iwe imelala.

Na hata zile za figo hazipunguzwi mara tu figo zikishuka kidogo. Amoksilini ya kumeza, kwa mfano, hubaki kawaida hadi figo zishuke chini ya mililita 30 kwa dakika. Chini ya hapo inaenda kila saa 12, na chini ya 10 inaenda mara moja kwa siku. Siprofloksasini pia mstari wake uko karibu na hapo kwa 30. Kwa hivyo mathe mwenye figo ziko 50 anaweza kumeza ile 1x3 ya kawaida na awe sawa kabisa. Hiyo namba 30, ama 50, inatoka wapi? Twende hapo.

Namba moja, watu wawili

Damu ikitolewa kupima figo, maabara inaangalia kitu inaitwa kreatinini. Ni taka inatoka kwa misuli kila siku, na figo ndio huitupa. Ikipanda, figo zinazembea. Ni rahisi, lakini iko na mtego mmoja mkubwa sana.

Chukua watu wawili. Wa kwanza ni kijana wa miaka 25, kilo 80, mtu wa gym. Wa pili ni shosh wa miaka 70, kilo 50. Wote wamepimwa na kreatinini imetoka 110. Ukiangalia karatasi haraka utasema hawa wako sawa, na 110 si namba ya kumshtua mtu.

Lakini kuna hesabu ya zamani ya Cockcroft na Gault, ya mwaka wa 1976, na bado ndio inatumika sana kupanga dozi. Unachukua 140, unatoa miaka ya mtu, unazidisha na kilo zake, unazidisha tena na 1.23 kama ni mwanaume ama 1.04 kama ni mwanamke, halafu unagawa na kreatinini. Kijana anapata karibu 103. Shosh anapata 33. Kreatinini moja, lakini figo za shosh zinachuja chini ya theluthi ya za kijana, na ako pointi tatu tu kutoka kwa ule mstari wa 30.

Sababu ni misuli. Shosh hana misuli ya kutoa kreatinini nyingi, kwa hivyo hata figo zikizembea namba haipandi vile. Mtu amekonda kwa ugonjwa, mtu amekatwa mguu, mzee amelala kitandani miezi, wote karatasi yao inaweza kukaa poa na huku figo zimeenda. Siku hizi maabara mingi hukuandikia kabisa namba ya eGFR pale chini. Iangalie. Kijana mwenye afya huwa karibu 100 na zaidi. Ikikaa chini ya 60 kwa miezi mitatu ama zaidi, huo ni ugonjwa wa figo wa kudumu. Chini ya 15, ndio mazungumzo ya kusafisha damu ama kupandikiza figo yanaanza.

Mtego wa pili: kreatinini huchelewa. Figo zikisimama leo asubuhi, namba inachukua siku moja, mbili kupanda vizuri. Na zikianza kufufuka, namba pia inachelewa kushuka. Ndio maana mgonjwa mahututi hupimwa mara kwa mara. Familia ikilalamika "wanamtoa damu kila siku, wanaipeleka wapi," mara nyingi ndio hiyo sababu.

Dozi ya kwanza haikatwi

Kama utashika kitu kimoja kwa hii makala yote, shika hii. Rudi kwa mathree yetu. Gari ikiwa tupu, ili ijae inahitaji watu 14, mlango uwe mzima ama umekwama. Mlango hauhusiani na idadi ya viti. Unahusika tu na watu wangapi unaongeza baadaye.

Dawa ni vilevile. Dozi ya kwanza kazi yake ni kujaza mwili hadi kiwango cha kuua vijidudu. Figo mbovu ama nzima, mwili ni uleule (na kwa mgonjwa amefura maji, nafasi ya kujaza hata huwa kubwa kuliko kawaida). Kwa hivyo kwa dawa nyingi dozi ya kwanza inaenda kamili, halafu zile zinafuata ndio zinapunguzwa ama kutenganishwa. Msee akikata nusu kuanzia dakika ya kwanza kwa mtu ambaye damu yake imeingiwa na bakteria, amewapatia hao bakteria masaa ya bure. Na kwa maambukizi ya damu, masaa ndio yanaamua nani anarudi nyumbani.

Kuna kingine hapo. Wagonjwa wengi wanaofika hosi wakiwa na maambukizi makali, figo zao zimeshtuka tu. Wametapika, wamehara, presha imeshuka, damu haifiki kwa figo vizuri. Wakiwekwa dripu na kutibiwa, figo nyingi zinaamka ndani ya siku moja, mbili. Daktari akiona kreatinini ya asubuhi akakata dozi na asiangalie tena, kesho yake mgonjwa ako na figo fiti na dozi ya mtu wa figo mbovu. Kwa antibiotiki zenye hazina sumu nyingi, madaktari wengi huchagua kutokata haraka siku ya kwanza. Genta hawawezi kuichezea hivyo.

Na ndio, kuna upande wa pili kabisa. Kijana ameanguka na bodaboda, ako ICU, hana ugonjwa wa figo. Mwili ukiwa kwa ile hali ya kupigana, figo zake zinaweza kuchuja kasi kuliko kawaida, zaidi ya 130, na dozi ya kawaida inakuwa kidogo kwake. Figo hazisomi ile karatasi iko ndani ya pakiti.

Sasa zikipunguzwa zinapunguzwa vipi? Kuna njia mbili na si za kuchagua ovyo. Genta inaua kwa kishindo: inataka kupanda juu sana mara moja, halafu ishuke. Kwa hiyo, dozi inabaki karibu ileile lakini zinatenganishwa. Badala ya kila saa 24, inaweza kuwa 36, 48, ama daktari anapima kiwango cha dawa kwa damu kwanza ndio aamue. Familia ya penisilini na sefalosporini zinaua kwa kukaa: hazihitaji kupanda sana, zinahitaji kutoshuka. Hizo mara nyingi wanapunguza kiasi ama wanaongeza muda kidogo, lakini haziachwi ziishe. Mtu wa kaunta akikuambia "meza nusu tu" bila kujua ni dawa ya aina gani na figo ziko ngapi, anabahatisha.

Kama mtu wako anasafishwa damu

Mashine ya dayalisisi haichagui. Inatoa taka, na inatoa antibiotiki pia, zile nyingi za familia ya penisilini na sefalosporini, na genta. Mtu akimeza amoksilini saa mbili asubuhi halafu saa tatu anaingia kwa mashine kwa masaa manne, sehemu kubwa ya ile dawa imeenda kwa mifereji ya hosi. Kwa hivyo siku ya mashine, dawa kama hizi humezwa ama hudungwa baada ya kutoka. Uliza tu muuguzi wa hiyo kitengo: "Hii dawa ni kabla ama baada?" Watakujibu chap chap, ni swali wanalijua.

Na watu wa dayalisisi si watu wa kununuliwa antibiotiki kwa kaunta, hata kama ni kikohozi kidogo. Homa kwa mtu ako na mpira wa kusafishia damu shingoni inaweza kuwa maambukizi yameingia kwa huo mpira. Hiyo ni ya hosi siku hiyohiyo.

Pale kaunta useme nini

Kama umeshindwa kufika hosi na lazima upitie duka la dawa, tafuta lenye liko na mfamasia ama mtaalamu wa dawa mwenye leseni ya Pharmacy and Poisons Board. Halafu usingoje uulizwe. Sema miaka, sema kilo, sema "ako na presha," "ako na sukari," "aliambiwa figo zimeshuka." Kama kuna karatasi ya maabara ya miezi ya karibuni, piga picha ya kreatinini ukae nayo kwa simu. Taja kila dawa anatumia, na usisahau zile za maumivu.

Hizo za maumivu naomba nizitaje kando. Diklofenaki na ibuprofeni zinabana damu inayoingia kwa figo. Mzee mwenye figo nusu, amehara siku mbili, amepewa genta, halafu mtu wa huruma akamdunga diklofenaki ju mgongo unauma, hapo umeunganisha karibu kila kitu figo hazitaki. Parasetamoli kwa dozi yake ndio huwa salama zaidi kwa figo.

Wenye hawajui figo zao ziko aje lakini wako na presha ama sukari, kipimo cha kreatinini na cha protini kwa mkojo hufanywa hosi nyingi za serikali hata za kaunti ndogo. Figo hupoteza nguvu nyingi sana kabla ziume ama miguu ifure, kwa hivyo "naskia fiti" hapa haisaidii.

Na ukishampatia mtu antibiotiki, mwangalie. Akianza kuchanganyikiwa, kushtuka-shtuka mikono, kulala kupita kawaida, masikio kulia, kizunguzungu, miguu kufa ganzi, moyo kudunda vibaya, ama mkojo kupungua sana, usiseme mmalize dozi kwanza. Mpeleke hosi saa hiyo, na ubebe kila pakiti ya dawa amekunywa wiki hiyo, za presha zikiwa ndani, pamoja na ile bahasha ya kaki. Daktari wa zamu atataka kujua ni dawa gani, milligramu ngapi, na ya mwisho alimeza saa ngapi. Iandike hiyo saa nyuma ya bahasha mkiwa bado kwa gari.